Kisikizi cha Mke wa Balama

Mzee Gaudensi Balama alimleta mkewe Ghalani ndani ya beseni la kufulia, amemfunika kitenge. Nasema mkewe kwa kuwa ndivyo alivyosema mwenyewe pale mlangoni: "Kamwene, binti. Nimemleta Veridiana." Nilichokiona mimi ni kisikizi cha aina ya zamani, kile cheusi chenye ukubwa wa tofali. Enzi zile kila familia ya Mufindi ilikuwa na seva kama hiyo juu ya kabati, ikimsikiliza mtu, hata kwenye simu zake, na kumpiga picha miaka nenda miaka rudi, ili siku akifa iendelee kuongea kama yeye. Nilikiinua nikakiweka sikioni. Hata kikiwa kimezimwa, ndani kitu kilikwaruza kila nilipokiinamisha.

"Anakohoa tangu Jumapili," mzee akasema.

"Hiyo ni diski, baba. Imechoka."

"Basi ndiyo anakohoa."

Sikubishana naye. Ukifanya kazi ya kupokea wafu kwa waya, unajifunza mapema kwamba kubishana na mfiwa ni kupoteza pumzi. Mimi mwenyewe sina kisikizi nyumbani na sitaki. Mama yangu alipokufa tulimzika, tukalia, tukanyoa nywele, basi. Lakini hayo siwaambii wateja.

Ghala letu liko ndani ya kiwanda cha zamani cha chai, nje kidogo ya Mafinga. Kule juu yalikokuwa yakinyaushwa majani sasa zimesimama mashine saba, na upepo uleule wa baridi uliokuwa ukinyausha chai ndio unaozipooza. Tunaziita Kundi, kwa sababu hakuna hata moja inayojitegemea. Mtu akiingia humo anakatwa vipande vidogovidogo, kila mashine inapewa vyake, na kila kipande kinakuwa na nakala kwa jirani. Mashine moja ikiungua, wenzake wanamjaza yule mtu upya, na familia haitajua kama kulitokea kitu.

Seva ya nje haiingizwi kwenye Kundi kama mbuzi zizini. Inakaa sebuleni kwanza. Ina waya wake peke yake, na mashine moja tu inaruhusiwa kuongea nayo. Inataja jina, inatajiwa jina, wanabadilishana funguo, na hapo ndipo Kundi linaanza kusikiliza kipande kimoja kimoja likijiuliza swali moja tu: huyu ni mtu mmoja? Likiridhika linapokea. Kazi yangu ni kuchomeka waya, kuandika majina, na kukaa nikiangalia.

"Naomba kabla hujamfunga waya niongee naye kidogo," mzee akasema.

"Diski hii imebakiza kuwashwa mara moja tu, baba. Tukiizima huenda isiamke tena. Ngoja niiwashe, uongee naye wakati nachomeka."

Nikaiwasha. Mzee akavua kofia yake ya sufu, akainama mpaka ndevu zikagusa kile kisanduku.

"Veri."

"Abee."

"Umenisamehe?"

Kikacheka kwanza. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha kuanzia tumboni, kinachopanda kama maziwa yanayochemka na kufurika. "Nilishakusamehe zamani, mjinga wewe! Kila siku swali hilohilo? Nenda kale."

Mzee akanyanyuka, uso umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo. Akaniambia bila mimi kuuliza. Siku mkewe alipozidiwa, wakampeleka hospitali, naye alikuwa shamba la mbali akivuna viazi. Hakufika. Alifika wakati wameshamfunga kidevu. "Namuuliza kila jioni," akasema. "Nisipomuuliza silali. Kwa hiyo, binti, mshike vizuri. Nikimpoteza huyu sina wa kunijibu."

Nikamwahidi nitamshika vizuri. Mdomo uliponza kichwa, kwa maana nusu saa haikupita Kundi likasimama.

Kwenye kioo changu liliandika: watu wawili.

Nilidhani ni mambo ya kawaida, jirani aliyepiga kelele au redio. Kundi linajua kutofautisha redio. Huyu wa pili lilimtaja kwa jina, kwa kuwa watoto wake walishamwandikisha nasi mapema na sampuli ya sauti yake tulikuwa nayo: Otilia Ngonyani, mkazi wa hapahapa Mafinga, yu hai.

Nikavaa vipokea sauti nikaenda pale alipoanzia. Nikasikia sufuria, watoto, kwaya, akina mama wanalia. Ulikuwa msiba. Ulikuwa msiba wa Veridiana mwenyewe, na kisikizi kilikuwa juu ya kabati kimewashwa. Nani angekizima? Msibani kila soketi ina simu za watu na hakuna anayekumbuka kabati. Halafu katikati ya kilio mtu akaita, "Veridiana!" na sauti ikaitika, "Abee! Nani huyo anasonga ugali mbichi kwenye msiba wangu? Mmenisubiri nife ndiyo mnilishie wageni unga?" Watu wakaangua kicheko na machozi yao machoni.

Hapo nikaelewa. Alikuwa mtani.

Sisi Wahehe na Wangoni tulipigana zamani hizo mpaka tukachoka, tukaishia kuwa watani. Mhehe akifa, Mngoni anakuja msibani kuvaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anakoroma kama yeye, anawasuta waliokuwa wakimsumbua. Waliotengeneza visikizi hawakuwa na watani. Waliifundisha seva yao kwamba anayeitika jina la mwenye nyumba, ndani ya nyumba yake, amevaa sweta lake, kwa sauti inayofanana na yake, ndiye mwenye nyumba. Kwa hiyo kisikizi kilimpokea Otilia kwa mikono miwili.

Nikaendelea kusikiliza. Nilimsikia Otilia anamwendea mfiwa. "Balama! Acha kusimama kama nguzo ya umeme. Lia! Unaogopa nini? Hukufika hospitali, haya, hukufika. Nimekusamehe, mjinga wewe. Lia sasa." Na mzee akalia, nilimsikia, kwa sauti ambayo mwanamume wa Kihehe haitoi mara mbili katika maisha yake.

Kutoka siku ile, kila "nilishakusamehe" iliyotoka kwenye kile kisikizi ilikuwa imeota kutoka pale. Nilirudi nyuma, kwa Veridiana wa kabla ya kifo. Mwanamke mpole, mwenye sauti nyembamba, hacheki sana. Hakuna mahali popote alipotamka kumsamehe mumewe.

Nikavua vipokea sauti. Mzee alikuwa dirishani anaangalia ukungu kwenye misonobari, ameshika kofia mikono miwili.

"Tayari, binti?"

"Bado kidogo, baba. Mtandao unasumbua."

Nilidanganya. Na niseme wazi, nilikuwa na uwezo wa kudanganya zaidi. Fundi ana kitufe chake, tunakiita sauti ya mgonjwa. Kipo kwa ajili ya watu waliougua koo au kiharusi, sauti ikabadilika. Ukikibonyeza unaliambia Kundi kwamba hawa wawili ni mmoja, nalo linakuamini. Mzee angerudi nyumbani na msamaha wake, hakuna ambaye angejua.

Tatizo lilikuwa jingine. Kundi haliandikishi kitu kimoja kwa majina mawili. Kicheko kile kikiingia kwa jina la Veridiana, kimekuwa cha Veridiana. Siku Otilia akifa, kisikizi chake kikiletwa hapa, Kundi litakikuta kicheko na kusema: hiki kina mwenyewe. Watoto wake wangempata mama yao amekatwa kicheko. Nilimpigia simu aje, na sikumwambia sababu.

*

Otilia Ngonyani alifika jua likiwa limepanda na ukungu umeanza kunyanyuka. Mwanamke mnene, mfupi, amejifunga vitenge viwili juu ya sweta, na kelele zake zilitangulia mlangoni.

"Hodi hapa! Nimeona mbwa wote wa mtaa wamejificha, nikajua Wahehe wako karibu na wana njaa!"

"Karibu, mama," nikasema. "Nyie Wangoni mlitembea kwa miguu kutoka Kusini yote, leo kutoka sokoni hapo unachelewa?"

"Tulitembea kwa sababu kila tulipotaka kupumzika tulikuta Mhehe ameshakalia mkeka." Akamwona mzee. "Heh! Balama! Na wewe hujafa tu?"

Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Nakungoja wewe utangulie, nije nivae vitenge vyako."

"Havitakutosha makalio."

Nikamshika Otilia mkono nikamwingiza chumba cha mashine ndogo, nikafunga mlango. Nilimvalisha vipokea sauti nikamsikilizisha bila kusema neno. Alianza kwa kucheka, akijisikia mwenyewe akigombana na wapika ugali. Halafu nikamsikilizisha cha asubuhi: umenisamehe, nilishakusamehe zamani. Kicheko kikakatika.

"Hiyo ni lini?"

"Leo. Na jana. Na kila jioni tangu mazishi."

Akavua vipokea sauti akaviweka mezani polepole. "Mungu wangu. Ananiuliza mimi?"

Nikamweleza yote, kitufe na kicheko na watoto wake. Nikamwambia pia njia ya pili: naliambia Kundi litenge. Linachukua vya Veridiana peke yake, vya Otilia linavitupa, na diski ile haitawaka tena kurudia. Alinisikiliza ameuma kona ya kitenge.

"Bonyeza hicho kitufe," akasema.

"Mama, watoto wako..."

"Watoto wangu wamenisikia nikicheka mpaka wamechoka. Huyu mzee ana nini kingine? Bonyeza. Nampa kicheko changu, mimi mwenyewe, kwa hiari yangu."

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe. Sikuona haya, nasema kweli. Nilikuwa na huruma na nilitaka siku iishe. Ni yeye aliyenishika kiganja.

"Ngoja. Yeye anajua?"

"Hajui."

Akakaa kwenye kreti ya nyaya. Alikuwa ameanza kulia kimyakimya, na alijifuta kwa hasira kama anayefukuza nzi. "Unajua, binti, pale msibani kila mtu alijua ni mimi. Hata mtoto mdogo alijua. Ndiyo maana inasaidia. Mtu analia kwa sababu anajua aliyekufa hawezi kuja, kaja Mngoni na sweta lake. Asiyejua ni hicho kisanduku tu." Akaelekeza kidevu mlangoni. "Na Balama. Balama alijua siku ile, halafu kisanduku kikamsahaulisha. Mtani hadanganyi mfiwa. Nikimwachia hivi nitakuwa nimemdanganya."

Akasimama, akajifunga vitenge upya, akatoka. Nilimfuata nyuma.

Alisimama mbele ya mzee, mikono kiunoni. "Wewe Mhehe. Miaka yote hii unaongea na Mngoni usiku, hujui?"

Mzee akacheka kidogo akidhani ni utani. Akamtazama usoni akaacha kucheka.

Alimwambia yote. Hakumpunguzia, wala hakumwongezea. Alimwigizia tena maneno yake ya msibani, pale pale, kwa sauti ya Veridiana, na mwisho akacheka kicheko chake. Kilikuwa kilekile. Mzee aliposikia kicheko hicho kikitoka kwa mtu aliye hai mbele yake, akatafuta kiti kwa mkono bila kukiangalia.

Mashine zinavuma kule juu. Kisikizi kinakwaruza kwenye beseni.

"Kumbe aliyenisamehe ni wewe," mzee akasema.

"Ni mimi. Na nilimaanisha, Balama. Haikuwa mzaha mtupu."

"Najua." Akaizungusha kofia mapajani. "Lakini wewe sikukukosea kitu, Otilia."

Otilia akavuta kitenge kifuani. Akasema tu kwamba ameshanikubalia, nibonyeze kitufe, kicheko amekitoa, na mzee asiwe mbishi. Mzee akatikisa kichwa.

"Siku ukifa nitakuja kuvaa vitenge vyako, mtani. Nitacheka kama wewe, nitajitahidi. Watoto wako wakisikia, halafu waende nyumbani wakute kicheko chenyewe hakipo? Hapana." Akanigeukia. "Tenga, binti."

"Baba, ukitenga hakuna kurudi. Yule anayekujibu kila jioni hutamsikia tena."

"Nimesikia. Ninataka nimuulize mwenyewe. Nimekaa miaka sijawahi kumuuliza yeye."

*

Nilitenga. Ilichukua mchana mzima, kwa kuwa Kundi lilikuwa linaivuta ile diski kwa upole, kipande baada ya kipande, nayo inapiga kwikwi. Otilia alikwenda akarudi na chupa ya chai na viazi vya kuchemsha, akamlazimisha mzee ale. Hawakutaniana. Nadhani walikuwa wanaogopa.

Alasiri kile kisikizi kilikoroma mara moja kikazimika. Kioo changu kikaandika: amepokelewa, mtu mmoja. Nilipaswa kufurahi. Niliwasha spika ya chumba cha wageni, nikamwambia mzee aongee, yuko hewani.

"Veri," akaita.

"Abee." Sauti nyembamba, ya kuchoka kidogo. Otilia akafunika mdomo. Alikuwa amesahau Veridiana alivyokuwa kweli. Hata mzee alikuwa amesahau. Nilimwona anashtuka kama mtu aliyefunguliwa mlango na mgeni.

"Veri, mimi Balama."

"Nakusikia. Mbona kama uko mbali."

Mzee akaikunja kofia. Maneno aliyokuwa akiyasema kila jioni bila shida sasa yalikuwa yamemkwama. Yakatoka mwishowe.

"Umenisamehe?"

Kundi lilikuwa linatafuta ndani ya mashine zote saba, katika kila neno ambalo Veridiana aliwahi kulisema mpaka simu yake ya mwisho kitandani hospitali. Halafu akajibu, na nilisikia mshangao halisi katika sauti yake.

"Nikusamehe nini? Si umesema uko njiani?"

Kofia ikamdondoka mzee.

Alituangalia mimi na Otilia kwa zamu, kama tuliomfumania. "Nilimpigia simu," akasema kwa sauti ndogo. "Alikuwa hospitali anaulizia. Nikamwambia niko njiani. Nilikuwa bado shambani. Nilikuwa na gumbuti miguuni na magunia matatu hayajafungwa. Nikasema nimalizie, si mbali."

Na nani katika nchi hii hajawahi kusema yuko njiani akiwa bado anatafuta kiatu? Tunasema kila siku, kwa kila mtu, wala hatuhesabu kuwa ni uongo. Nilitaka kumwambia hivyo. Nilimwangalia nikaona hakuna neno langu lingemfikia.

Hakuwa ameachwa bila kusamehewa. Hakukuwa na mtu aliyejua kwamba kuna kosa. Veridiana alikufa akiamini mume wake yuko barabarani anakuja.

Nikanyoosha mkono kuzima spika. Mzee akanizuia. Akasogea karibu nayo.

"Veri. Nisikilize. Nilikuwa sijaondoka. Nilikudanganya. Nilikuwa bado nafunga viazi."

Kundi likatafuta tena, na halikupata mahali pa kushika, kwa kuwa Veridiana hakuwahi kuambiwa jambo hilo. Likikosa, linatoa kilicho karibu.

"Sawa," akasema Veridiana. "Njoo taratibu, barabara inateleza. Nakusubiri."

Otilia akatoka nje akaegemea ukuta, akaanza kulia kwa sauti ya msibani. Mimi nililia pale pale kitini kwangu. Mzee peke yake hakulia. Aliokota kofia, akaipangusa vumbi.

"Binti, haya niliyomwambia, kesho atayakumbuka?"

"Hapana, baba. Kisikizi cha nyumbani kinajifunza. Kundi halijifunzi. Alivyoingia ndivyo atakavyokuwa."

"Kwa hiyo kesho ataniambia tena ananisubiri."

"Ndiyo."

"Na keshokutwa."

"Ndiyo, baba."

Akavaa kofia, akalichukua beseni tupu na kitenge chake.

"Basi kesho nitakuja kumwambia tena," akasema. "Mnafungua saa ngapi?"